Mstari wa Chini ya Goti

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, sinia la Meza ya Bwana lilipofika safu ya nne, fundi wa vigae alilipokea kwa mikono miwili akalipitisha kwa fundi cherehani aliyekaa kulia kwake. Hakugusa kikombe hata kimoja. Alilipitisha chapuchapu, kana kwamba kuna mtu nyuma anamhimiza. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka sita, na fundi cherehani alishazoea kunyoosha mkono mapema.

Sheria ya kanisa lile haikuwa na kona. Huwezi kushiriki Meza mpaka ubatizwe, na ubatizo wao ulikuwa wa maji mengi: mtu mzima anashuka wote, kichwa na kila kitu, kisha anainuliwa. Fundi aliijua sheria na aliikubali. Alimpenda Yesu, hilo halikuwa na mjadala. Alisali akikoroga saruji, alisali akikata vigae, na akipata mteja msumbufu alisali zaidi. Kuzamishwa tu ndiko kulikomshinda.

Mwaka wa kwanza alisema ana mafua. Wa pili sikio lilikuwa linamuuma. Wa tatu alipata kazi siku hiyohiyo ya ubatizo, kazi ambayo, ukitaka ukweli, aliitafuta mwenyewe kwa udi na uvumba. Wa nne shangazi yake aliugua, na kweli aliugua, fundi akamshukuru Mungu kisha akaona haya kwa kushukuru. Wa tano na wa sita hakusema lolote. Alikaa nyumbani akatazama ukuta.

Mafundi wenzake walimwita Pimamaji, kwa sababu kile kifaa cha kupimia usawa, chenye kichupa na kiputo katikati, hakikumtoka mkononi. Alikuwa na uwezo wa kukiweka juu ya meza ya mgahawa kabla hajaagiza chai, akatikisa kichwa, na kuhama meza. Alikuwa na miaka thelathini na minne, hana mume wala mtoto, na kama kuna jengo mjini lenye bafu lisilotuamisha maji, uwezekano mkubwa ni yeye aliyeweka sakafu yake.

Kichekesho ni kwamba mtu huyu aliyewajengea wenzake mabafu hakuwahi kusimama chini ya bomba la mvua. Akitaka kulijaribu alinyoosha mkono kutoka mlangoni, akafungua, akarudi nyuma. Nyumbani aliosha uso kwa kitambaa, kidogo kidogo, upande mmoja kisha wa pili, pua mwisho. Nywele alizikata fupi kabisa ili asilazwe chali kwenye sinki la saluni, na watu wakadhani ni mtindo.

Sasa kanisa likaamua kujenga kisima chake cha kubatizia. Miaka yote walikuwa wanaazima cha wenzao upande wa pili wa mji, wanapangiwa saa, na wakichelewa wanakuta maji yamefunguliwa yameondoka. Mchungaji, bonge la mtu mwenye sauti ndogo, alisimama mbele ya waumini akasema vigae vitawekwa na dada yetu Pimamaji. Kisha akaongeza, kwa nia njema tu, kwamba aliyekijenga ndiye atakayeingia wa kwanza. Watu wakapiga makofi. Fundi naye akapiga, maana angefanya nini?

Waashi walipomaliza kuta, yeye akaingia. Kisima kilikuwa na urefu wa mita mbili na nusu, ngazi tano upande mmoja, na mchoro wake ulibandikwa ukutani kwa utepe. Alipiga plasta ya kuzuia maji mara tatu ilhali mara mbili zingetosha. Alipanga vigae vyeupe kuanzia ngazi ya juu kushuka chini, akapima, akabandua viwili, akapima tena. Mzee wa kanisa, aliyekuwa na funguo zote za mahali pale, alikuja kila asubuhi kumtazama. Mzee huyu alitengeneza saa za watu kwa miaka arobaini kabla macho hayajachoka, na alipenda kumwona mtu anayehangaikia milimita.

Lilibaki tundu la maji ya ziada. Katika kisima chochote tundu hilo ndilo lenye kauli ya mwisho: maji yakilifikia yanatoka nje, na hayapandi tena hata ukiacha bomba wazi wiki nzima. Mchoro ulisema liwe mita moja na sentimita kumi kutoka sakafuni. Fundi bomba akaja na mashine yake ya kutoboa.

"Nitoboe wapi, dada?"

Fundi alikuwa amesimama ndani ya kisima. Hakuutazama mchoro. Alichomoa penseli nyuma ya sikio, akainama, akapiga mstari chini kidogo ya goti lake.

"Hapa."

Angekuwa mwingine, fundi bomba angeuliza mara mbili. Mstari wa Pimamaji haukuulizwa. Akatoboa, akapitisha bomba, akaenda zake. Fundi akakata kigae tundu la duara safi kabisa, akakibandika, akajaza nafasi kwa saruji nyeupe, akafuta kwa sponji. Ukimuuliza hata leo atakuambia hakukusudia, nami namwamini. Mkono ulipima wenyewe, na kichwa hakikupewa taarifa.

Jumatatu ya wiki ya kufungua kisima wakajaza maji kuona kama kuna mahali yanapovuja. Mzee alifungua bomba akaenda kufagia ukumbi. Aliporudi alikuta maji yanatiririka nje, yameshalaza maua ya mke wa mchungaji. Akachungulia kisimani. Akavaa miwani, akachungulia tena.

"Binti yangu," alisema, "hapa tutabatiza miguu."

Fundi alikuwa anakusanya vifaa vyake. Akaja, akatazama. Mzee alishusha utepe wa kupimia majini akasoma sentimita arobaini na mbili.

"Nani alipiga mstari?"

Fundi bomba hakuwepo, na mtu asiyekuwepo hajitetei. Lingekuwa jambo jepesi kumtupia yeye. Fundi alilifikiria kwa muda kama wa kumeza mate.

"Mimi."

"Na mchoro ulikuwa hapo?"

"Ulikuwa hapo."

"Ikawaje, sasa? Wewe unayehama meza kwa ajili ya kiputo."

Fundi alikaa kwenye ngazi ya juu, miguu ikiwa nje, mbali na maji, akamweleza. Hakuwahi kumweleza mtu. Alisema kwa sauti ileile anayotumia kusoma vipimo. Mama yake alipofariki, alipelekwa kwa shangazi akiwa na miaka saba. Alikuwa anakojoa kitandani. Uani kulikuwa na pipa la bluu, karibu na kamba ya kuanikia nguo, na asubuhi godoro likikutwa limelowa, shangazi alimshika kisogo akamzamisha kichwa ndani ya pipa na kuhesabu. Alihesabu kwa sauti. Ndani ya maji namba zilisikika nzito, kama mtu anaongea nyuma ya mlango.

"Mpaka ngapi?" mzee akauliza.

"Kumi. Siku akiwa na hasira, akifika saba anaanza upya."

Mzee alivua miwani akaifuta kwa shati, ingawa haikuwa na kitu. Hakumpa aya wala hotuba. Aliketi ngazi ileile, magoti yakalia.

"Sikiliza," alisema. "Tunaweza kuliacha tundu lilivyo. Watu watakaa chini kama watoto kwenye beseni, mchungaji atawalaza. Na wewe, ukitaka, nitamwambia akumwagie kwa kopo. Mungu hatanuna."

"Mchungaji atakubali?"

"Mchungaji niachie mimi. Nilimfahamu akiwa hajui kufunga tai."

Ilikuwa ofa nzuri, na fundi aliitamani mpaka meno yakauma. Akaomba apewe mpaka Jumatano.

Jumanne ilikuwa siku ya kumwogesha shangazi. Shangazi sasa alikuwa mzee, mguu mmoja haufanyi kazi, na aliishi katika chumba cha nyuma nyumbani kwa mwanawe. Mke wa huyo mwana alikuwa kazini Jumanne, kwa hiyo Pimamaji alikwenda. Waumini walimsifu sana kwa jambo hilo. Hawakujua kwamba kila alipofika kwenye kumwosha kichwa alitazama dirishani na kufikiria vigae.

Alimkalisha kwenye kiti cha plastiki, taulo mabegani, beseni miguuni, ndoo pembeni. Akampaka sabuni nywele zile nyeupe chache.

"Mikono yako migumu, mwanangu," shangazi akasema. "Kama msasa."

"Ni saruji, shangazi."

"Ulipaswa kusomea ualimu."

Fundi akachota maji kwa kopo. Hakuwa amepanga kusema kitu. Alisikia mdomo wake umeshaanza.

"Shangazi, unalikumbuka lile pipa la bluu?"

"Pipa lipi?"

"La uani. Karibu na kamba ya nguo."

"Aa, lile. Lilitoboka. Jirani akaliomba akapandie maua."

"Ulikuwa unanizamisha kichwa mle. Unahesabu."

Shangazi alivuta taulo mabegani. Povu lilikuwa linamshuka kwenye paji la uso polepole. Nje mtu alikuwa anapiga misumari, anapumzika, anapiga tena.

"Ulikuwa unakojoa kitandani," alisema. "Na godoro lilikuwa moja."

"Nilikuwa na miaka saba."

"Ukaacha, lakini," shangazi akasema. "Si uliacha?"

Aliacha, kweli. Aliacha kwa sababu aliacha kulala. Alikuwa anakaa ameegemea ukuta mpaka majogoo wanawika, na darasani walimwita gogo kwa kusinzia. Hilo hakulisema. Alikuwa na kopo limejaa maji mkononi, na chini yake kile kichwa kidogo chenye povu, kisogo kikiwa kimejileta chenyewe. Alikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Kwa ndani alisema maneno machache tu: Bwana, ushike huu mkono, mimi siuwezi.

"Nikinge macho," shangazi akasema. "Sabuni inachoma."

Fundi akaweka kiganja cha kushoto kwenye paji la shangazi yake, kama ukingo wa kofia, na kwa mkono wa kulia akamimina maji taratibu. Hakuna tone lililofika machoni. Akachota tena, akamimina tena, mpaka nywele zikasafishika. Isidhaniwe kwamba alikuwa ameshasamehe. Alikuwa na hasira vilevile, ila mkono ulikuwa umefanya kazi nyingine.

Akarudi nyumbani kwa miguu. Barabara ilikuwa inachimbwa kupitisha mabomba, na ikabidi apite juu ya mbao, ndoo tupu mkononi, akimsemesha Mungu kwa sauti ya chini kama mtu anayegombana kwenye simu. Hatasema, Bwana. Nimengoja miaka ishirini na saba aseme samahani, naye hatasema. Unamsikia? Anasema si uliacha. Akasimama kumpisha mtu wa toroli. Na hapo, katikati ya vumbi, akajua jambo lililomtisha kuliko pipa lenyewe. Miaka yote sita alikuwa anamwomba Mungu aliyedhani naye anahesabu. Makosa yake, mafua ya uongo, ile kazi aliyoitafuta makusudi. Alikuwa anamngoja afike saba, abadilishe mawazo na kuanza upya. Alimpenda, ndiyo, lakini alimpenda akiwa ameshikilia pumzi.

Aliona aibu. Akamwambia Mungu kwamba ameona aibu. Hakusikia sauti yoyote kutoka juu. Alisikia honi ya gari lililotaka kupita, akasogea.

Jumatano asubuhi mzee wa kanisa alipofungua geti alimkuta fundi ameshafika, nyundo na patasi mikononi.

"Kopo vipi?" mzee akauliza.

"Kazi haiko sawa, mzee. Mchoro unasema mita moja na kumi."

Mzee akafungua mlango bila kuongeza neno, na kwa mtu mwenye maneno kama yeye hiyo ilikuwa sadaka. Fundi alitoa maji, akashuka, akavunja kile kigae chenye tundu la duara na viwili vya jirani. Aliita fundi bomba, akamwomba radhi, akampigia mstari mpya. Safari hii aliusoma mchoro kwa kidole. Mstari ulimfika kifuani. Alipouona ulipo, akapapasa sikio mara mbili kurudisha penseli, kisha akaiweka mfukoni. Tundu la zamani aliliziba, akalipiga plasta, akabandika vigae vitatu kutoka boksi jingine. Havikufanana sawasawa. Vilikuwa vyeupe zaidi ya wenzao.

Ijumaa mchana kisima kilijaa. Mchungaji alikuja, na mzee alikuwa ameshamweleza, maana fundi alisema hataki kuirudia hadithi ile kwa mdomo wake. Mchungaji hakujua aweke wapi mikono yake mikubwa. Aliuliza tu kama kuna chochote anachotaka kujua.

"Ni muda gani?" fundi akauliza. "Chini. Kwa sekunde."

Mchungaji alikuwa amebatiza watu mia na zaidi na hakuwa amewahi kulifikiria. "Si muda," alisema. "Ni kushuka na kupanda."

"Kushuka na kupanda ni sekunde ngapi?"

Mchungaji akamtazama mzee. Mzee alishavua viatu. Alivua na saa yake, ile aliyoifungua na kuifunga mwenyewe kila mwaka, akampa fundi.

"Nizamishe mimi," akamwambia mchungaji. "Yeye ahesabu."

"Mzee, wewe ulibatizwa nikiwa sijazaliwa."

"Basi niogeshe tu. Joto lenyewe hili."

Wakashuka wawili, mmoja bonge na mwingine kama ufito, na suruali zao za kazi. Mchungaji akaweka mkono mmoja nyuma ya shingo ya mzee, na kwa mwingine akamfunika pua kwa kitambaa. Hakusema maneno ya ubatizo, maana hilo si la mchezo. Alimlaza, akamwinua. Fundi alikuwa ameinama ukingoni akiitazama saa kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Tena," alisema.

Wakarudia.

"Tena."

Mara ya nne mzee alitoka anakohoa, nywele zimelala kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa, akauliza kama fundi ameridhika au anataka na mchungaji azamishwe. Fundi akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikageuka kilio, akalia kwa nguvu, na wale wanaume wawili wakasimama ndani ya maji wakitazama vigae kwa heshima.

"Sekunde moja na nusu," alisema alipoweza. "Mara zote nne."

Jumapili ikafika. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, mchungaji alikuwa ameipanga hivyo. Fundi cherehani alimshonea vazi jeupe na kutia vipande vya madini ya risasi kwenye pindo ili lisielee, akamwambia ni zawadi na asimuulize zaidi. Kanisa zima likatoka nje, likazunguka kisima. Wengi hawakujua lolote. Walimwona tu fundi hodari anaingia kwenye kazi ya mikono yake, wakaimba.

Ngazi ya kwanza. Ya pili. Maji yalikuwa baridi. Ngazi ya tatu miguu ikafika usawa wa vile vigae vitatu vyeupe zaidi, na hapo akasimama. Goti lilikataa. Alijua kila inchi ya mahali pale, alijua sakafu ina mteremko gani na saruji iliyoko chini ya mguu wake ilikorogwa siku gani, na bado goti lilikataa. Mchungaji alikuwa anamngoja katikati, mzee upande wa pili na shati lake la Jumapili. Wimbo ukaisha. Waimbaji wakatazamana, wakaanza ubeti wa kwanza tena.

Fundi akashusha mguu. Maji yakapanda, yakapita kiuno, yakamfika kifuani.

"Useme ukiwa tayari," mchungaji akamwambia kwa sauti ndogo.

Maji yaliyomzunguka yalifanya viwimbi. Alifikiria kusema kesho. Alifikiria kopo.

"Siko tayari," alisema. "Twende tu."

Mkono ukaja kisogoni. Ulikuwa mahali palepale pa zamani, na mwili wake wote uliutambua, ukakaza. Akasikia jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kitambaa kikafunika pua. Akaenda chini.

Kule chini kulikuwa na sauti ileile, ule mvumo wa maji masikioni, uleule wa pipa. Alifumba macho akangoja. Alingoja moja. Alijua ikishasemwa moja itakuja mbili, na alikuwa amejiandaa kwa zote kumi, hata kwa kuanza upya. Akatega sikio.

Hakuna aliyehesabu. Mkono wa kisogoni ulikuwa unamsukuma juu.

Alipotoka, jua lilimpiga usoni, maji yakamtiririka machoni na puani na mdomoni, na hakuyafuta. Watu walikuwa wanaimba. Mzee alikuwa amemshika kiwiko.

"Nilingoja aseme moja," fundi akamwambia.

"Nani aseme?"

Fundi akageukia maji. Alikuwa bado ameinamisha sikio.

Ningependa kusema kwamba woga ulifungasha virago siku hiyo ukaondoka. Haukuondoka. Jumatatu aliosha uso kwa kitambaa kama kawaida yake, pua mwisho. Jumanne alikwenda kwa shangazi na ndoo, akamkinga macho kwa kiganja, na hawakulizungumza pipa. Ilipita miezi miwili kabla hajasimama chini ya bomba la mvua la mteja mmoja, na nguo zake za kazi, kwa muda wa kushuka na kupanda.

Lakini Jumapili ile, nguo kavu zikiwa mwilini na masikio bado yamejaa maji, alikaa safu ya nne mahali pake. Sinia likaja. Alilipokea kwa mikono miwili. Kulia kwake fundi cherehani alikuwa ameshanyoosha mkono, kwa mazoea ya miaka sita. Fundi akachukua kikombe kimoja, kidogo kama kifuniko cha chupa, akanywa. Kisha akakaa na lile sinia mapajani, analitazama, vile vikombe vyote vimejipanga kwa mistari iliyonyooka, wala hakukumbuka kwamba kuna watu wengine.

Fundi cherehani alisubiri. Safu nzima ilisubiri. Mwishowe akamgusa bega.

"Dada," alinong'ona, "na sisi pia."